Fondasio ya jamaa na sanduku la kufuli tatu

KALEHE, Kivu ya Kusini – Jamaa moja yenye asili yake kando ya ziwa Kivu, kati ya Kalehe na Minova, imekata shauri la kuanzisha fondasio kwa kusaidia kijiji cha wazazi wao. Watoto wametawanyika. Mmoja yuko Canada, mmoja Ubelgiji, wawili wako Kinshasa, na dada mkubwa alibaki Bukavu. Walikutana kwa simu juma kwa juma mpaka wakapatana. Kila mtu atatoa kitu mwisho wa mwezi. Fondasio itabeba jina la baba yao marehemu. Kazi ya kwanza ni kujenga kituo cha afya ndani ya kiwanja cha baba, pale pale nyumba yake ilipokuwa.

Picha ya jengo imekwisha kutembea katika simu za watu: kuta nyeupe, mabati ya bluu, jina la mzee juu ya mlango kwa herufi kubwa. Jina hilo halitaandikwa hapa, kwani si jamaa hiyo peke yake inayohusika. Kivu imejaa fondasio. Kuna za wafanyabiashara, kuna za wanasiasa, kuna za watoto walioenda Ulaya na bado wanakumbuka nyumbani. Nyingine zilizaliwa miezi michache mbele ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, zikagawa vitenge na sukari, na leo ukiuliza ofisi yao iko wapi, hata mlinzi wa mlango humkuti.

Jamaa hii si ya namna hiyo. Hakuna kati yao anayetafuta kiti cha ubunge. Feza wanazotaka kutoa ni jasho lao. Yule wa Canada anafanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na yule wa Ubelgiji anaendesha lori. Ndiyo sababu inafaa waambiwe ukweli mapema, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Vile walivyokipanga kitu hiki, kitawagombanisha wao kwa wao, na watu wanaotaka kuwasaidia watabaki mikono mitupu.

Karatasi yao inasema fondasio ni ya kusaidia "jamii yetu ya asili". Neno ni zuri kusikia. Lakini jamii hiyo iko wapi leo?

Yeyote anayefahamu upande huo wa ziwa anajua. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya nne, siku ya soko, mvua ilinyesha, mito ikajaa mawe na matope, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafunikwa. Zaidi ya watu 400 waliokotwa wamekufa, na wengi hawakuonekana tena. Watu wa Msalaba Mwekundu walizika maiti pamoja katika makaburi marefu kwa sababu hakukuwa njia nyingine. Waliopona walilala makanisani, shuleni, katika nyumba za ndugu. Wengine walirudi kujenga palepale chini ya mlima, maana shamba liko hapo na kwingine hawana.

Kisha vita. Mwanzo wa mwaka 2024 watu wa Masisi walishuka kwa makundi wakikimbia mapigano ya Sake, wakajaza Minova. Januari 2025 Minova yenyewe ikachukuliwa na M23, kisha Goma, kisha Februari barabara yote mpaka Bukavu. Waliokuwa katika kambi za kando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, waliambiwa warudi makwao kwa siku chache, na kambi zikavunjwa. Wengine walipanda pirogi hadi Idjwi. Wengine walivuka Ruzizi mpaka Burundi. Wengine wako Bukavu, wamelala sebuleni kwa shangazi, watoto kumi chumba kimoja, na shangazi mwenyewe hana kazi.

Basi "jamii yetu ya asili" si mahali pamoja tena. Ni watu. Kiwanja cha baba kinaweza kupata jengo jeupe lenye mabati ya bluu, na yule mjane ambaye jina lake liko mbele katika fikira za jamaa hiyo akawa anauza makala Bukavu, safari ya mchana mzima kutoka mlango wa jengo hilo. Akiwa na mtoto mwenye malaria usiku, kituo chenye jina la mzee kitamsaidia nini?

Wanaosoma haya wakiwa wamehama wanaelewa haraka kuliko wengine. Wanajua jinsi mtu anavyopotea katika hesabu akishaondoka kijijini. Kijiji kinapata msaada, yeye hapati kwa kuwa hayuko. Mtaa alikokimbilia unapata msaada, yeye hapati kwa kuwa si wa pale. Fondasio ya jamaa ndiyo ingeweza kuvunja mchezo huo, kwa sababu jamaa inajua nani ni nani. Haihitaji kuja na daftari na kuuliza mama mmoja maswali arobaini. Dada mkubwa wa Bukavu anaweza kutaja kwa kichwa nani alikwenda Idjwi, nani yuko Kavumu, nani alizika mume Nyamukubi. Elimu hiyo ni mali, na hakuna shirika la kimataifa lililo nayo. Jamaa hii inataka kuiacha kando na kununua saruji.

Sasa kuhusu kiwanja.

Watoto wanasema kiwanja ni cha baba, baba amekufa, wao wamekubali kukitoa kwa jamii. Wamekitoa kwa nani? Kwa maneno ya simu. Katika inchi hii udongo ni wa Serikali, sheria ya mwaka 1973 inasema hivyo, na mwenye haki juu yake ni mwenye karatasi. Karatasi ya kiwanja hicho haipo. Mzee alikipata kwa kalinzi, kama wazee wengi wa Buhavu na Bushi: alileta ng'ombe au mbuzi kwa mwenye ardhi, mashahidi wakakaa, pombe ikanywewa, na haki yake ikajulikana na wote. Wengi wa mashahidi wale wamekufa. Waliobaki wamekimbia.

Tena, baba alikuwa na watoto wangapi? Kila mtu kijijini anajua kulikuwa bibi wa pili, ng'ambo ya mto, na watoto wake hawakuitwa katika mkutano wa simu. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inahesabu kati ya warithi wa kwanza hata watoto waliozaliwa inje ya ndoa, ikiwa baba aliwatambua alipokuwa hai. Siku kituo kitakapoanza kuingiza feza, hata kidogo, ndugu hao watakuja. Watakuja na haki. Mmoja atataka chumba kimoja awe anauzia dawa zake, mwingine atataka mtoto wake awe mlinzi, na mwisho mtu atakuja na kufuli yake mwenyewe. Nani asiyejua jengo la namna hiyo katika Kivu? Liliitwa kituo cha vijana, au shule ya kushona, leo ni nyumba ya mjomba, na ubao wa zamani umegeuzwa mlango wa choo.

Kama wanataka kutoa, watoe kweli. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida inafungua njia mbili: watu kukusanyika katika shirika, ama mtu kutenga mali yake kwa kazi ya faida ya wote. Katika njia hiyo ya pili, mali ikishatengwa imetoka mikononi. Si ya mtoto mkubwa, si ya mtoto mdogo, si ya bibi wa kwanza wala wa pili. Hapo ndipo jamaa nyingi hurudi nyuma. Wanataka heshima ya kutoa na wakati uleule wanataka ufunguo ubaki mfukoni. Wakishindwa kukubali jambo hilo, waache neno fondasio. Waite "msaada wa jamaa", watume feza kwa simu kwa wanaozihitaji, na hakuna mtu atakayewadai kitu. Hilo nalo ni jema, na pengine ni jema zaidi.

Kuhusu kituo cha afya chenyewe, maneno machache yanatosha, maana kila muuguzi wa Kalehe angeweza kuyasema. Kituo si kuta. Kituo kinafuata zone ya afya, na zone ina ofisi yake kuu na muganga mkuu wake, ambaye ndiye anajua wapi kuna kituo na wapi hakuna. Jamaa haikumuuliza. Kituo kikisimama bila zone kukitambua, muuguzi wake hatahesabiwa, chanjo hazitafika, dawa zitanunuliwa sokoni, na kitakuwa dispensere moja zaidi ya mtu mwenye koti jeupe. Na karibu na hapo kuna kituo cha zamani, chenye paa linalovuja, chenye wauguzi wanaoishi kwa feza ya wagonjwa kwa kuwa mshahara wa Serikali haufiki au haupo kabisa. Mama akizaa pale na kushindwa kulipa, anazuiliwa. Anabaki kitandani na mtoto wake siku tano, juma moja, mpaka ndugu wakope. Kila mtu amemwona mama huyo.

Feza ya saruji peke yake ingelipa madeni ya akina mama kama huyo muda mrefu. Ingetengeneza paa la kituo kilichopo. Lakini paa la kituo cha watu wengine haliwezi kubeba jina la baba, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Watoto wana jibu lao, na wamelirudia mara nyingi: Dikembe Mutombo. Wanasema mbona yeye alijenga hospitali yenye jina la mama yake na dunia yote ikamsifu?

Vizuri, tumtazame Mutombo. Alicheza mpira wa kikapu Marekani misimu 18. Mama yake, Biamba Marie, alikufa Kinshasa bila kuweza kufika hospitali wakati wa fujo, barabara zimefungwa. Mutombo alianzisha fondasio yake mwaka 1997. Hospitali ilifunguliwa mwaka 2007. Miaka kumi. Iligharimu dola kama milioni 29, na yeye mwenyewe alitoa milioni 15, zaidi ya nusu. Tena aliijenga wapi? Asili ya jamaa yake ni Kasai, lakini hospitali iko Masina, Kinshasa, katika mitaa iliyojaa watu wa kawaida, na wengi wao hawana undugu wowote naye. Shule aliyoijenga Mbuji-Mayi kwa jina la baba yake ilifunguliwa mwaka 2021 tu, miaka 14 baada ya hospitali. Mutombo aliaga dunia tarehe 30 Septemba 2024, na hospitali haikuzikwa pamoja naye.

Basi kosa si jina la mzazi juu ya mlango. Mtoto kumheshimu mzazi ni desturi yetu na hakuna anayeipinga. Mutombo alikwenda waliko wagonjwa. Alitoa chake kwanza kabla ya kuomba cha wengine. Aliweka kitu kinachoweza kuishi bila yeye. Jamaa ya Kalehe imechukua kwake jina juu ya mlango tu.

Na kuna hatari nyingine ambayo watu wanaizungumza kwa sauti ndogo. Maneno "jamii yetu ya asili" yana masikio mengi. Kalehe ni inchi ya Bahavu, Batembo, Bashi, Bahutu, Batutsi, Barongeronge na Batwa, wanaokaa mlima kwa mlima, soko moja, mto mmoja. Katika miaka hii ya vita, mtu akisema "watu wetu", jirani anauliza moyoni: mimi nimo? Fondasio ikigawa mbegu kwa nyumba ishirini na kuruka nyumba tano katikati, haijalishi sababu ilikuwa nini. Hizo tano zitahesabu. Mutualite nyingi zilianza kama chama cha kuzikana, zikaishia kuwa ofisi ya kabila. Je, karatasi ya jamaa hii inasema nini juu ya hilo? Haisemi kitu. Haisemi kwamba Mutwa wa kilima cha juu atapokelewa. Haisemi kwamba mtu wa Masisi aliyelala miezi minane katika kiwanja cha kijiji ni wa kijiji pia. Kitu kisichoandikwa mwanzoni, baadaye kila mtu atakisoma vile anavyotaka.

Orodha ni jambo linalopaswa kuwatisha zaidi kuliko bei ya mabati. Yule ambaye alishuhudia ugawaji wa misaada katika Kivu anajua: kuna orodha ya chifu, orodha ya kanisa, orodha ya mutualite, orodha ya kijana mwenye simu kubwa anayeitwa "rais wa wahami". Jina la mtu aliyekufa linaonekana humo mara mbili. Jina la mjane linakosekana, kwani siku ya kuandikwa alikuwa amekwenda kulima shamba la watu apate chakula cha jioni. Jamaa imepanga nani aandike orodha yake? Binamu mmoja aliyebaki kijijini. Binamu huyo anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini ataamkiwa kila asubuhi na watu mlangoni, atatishwa, atabembelezwa, na baada ya mwaka mmoja atakuwa ama amekimbia, ama amejenga. Kumpa mtu mmoja kazi hiyo katika mahali penye njaa na bunduki ni kumfanyia ubaya.

Haya, wafanye nini? Waende kwa akina mama wa AVEC.

Hapa si mzaha. Hakuna kijiji kati ya Kalehe na Minova ambacho hakijui chama cha akiba cha akina mama. Wanakaa duara, watu ishirini, ishirini na tano. Katikati kuna sanduku la chuma. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa ine. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata akiwa mke wa chifu. Feza zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Asiyejua kusoma anashika hesabu kichwani, na ole wake katibu atakayekosea franga mia tano! Mkopo unaombwa mbele ya watu, unakubaliwa au kukataliwa mbele ya watu. Kuna mfuko mdogo kando kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mwisho wa mwaka wanafungua, wanagawana, wanaanza upya.

Goma na Bukavu zilipoanguka mwanzo wa 2025 na mabenki yakafunga milango, watu wenye madaraja makubwa walibaki wakitazama simu zao. Waliokuwa na chama cha akina mama walikuwa na mahali pa kuuliza.

Linganisha sasa na fondasio ya jamaa yetu. Prezida: kaka mkubwa, Canada. Mweka feza: mke wake. Katibu: mdogo wao, Kinshasa. Feza zinaingia katika konti moja, ufunguo ni mmoja, na uko mfukoni mwa mtu mmoja aliye ng'ambo ya bahari. Hakuna mjane humo. Hakuna mwalimu, hakuna muuguzi, hakuna mtu hata mmoja aliyelala usiku inje tangu vita vianze. Sanduku la mama muuza sambaza lina sheria nzuri kuliko fondasio yenye karatasi ya mwanasheria. Hiyo ni aibu, na aibu inaweza kutengenezwa.

Wachukue desturi ya sanduku. Ufunguo mmoja ubaki kwa jamaa, maana feza ni zao na haki yao haikatazwi. Ufunguo wa pili upewe mama aliyechaguliwa na wahami wenyewe, popote walipo wengi wao leo, na akihama tena achaguliwe mwingine. Ufunguo wa tatu uwe kwa mtu wa kituo cha afya kilichopo au wa shule, asiyekuwa wa ukoo huo. Simu inaweza kufanya kazi ya sanduku: feza isitoke mpaka watu watatu wakubali, na ujumbe uonekane kwa wote. Na kila miezi mitatu hesabu isomwe kwa sauti, sokoni, kanisani, na redioni pia. Kiasi kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya waliosaidiwa yasisomwe, kwa usalama wao. Katika siku hizi mtu kujulikana kwamba amepokea dola hamsini ni kumwita mwizi usiku. Lakini hesabu isomwe.

Wengine watasema: feza ni yetu, hakuna anayetufundisha namna ya kutoa. Ni kweli kwa feza iliyo mfukoni. Lakini jamaa hii imefungua tayari mchango kwa marafiki wa kanisa huko Ubelgiji, na picha iliyowekwa pale ni ya watoto wa kijiji, wamesimama katika matope ya 2023. Siku walipotumia sura za watoto hao kuomba, feza iliacha kuwa yao peke yao. Wazazi wa watoto wale hawakuulizwa. Mmoja wa watoto hao leo ana miaka kumi na sita, anasoma Bukavu, na ameona picha yake katika simu ya mwenzake.

Wengine watasema: Serikali imeshindwa, nani mwingine atajenga kama si sisi? Hapo kuna uchungu wa haki. Elimu ya msingi katika shule za Serikali ilitangazwa bure tangu Septemba 2019, na wazazi wanajua wanachoendelea kuombwa mlangoni. Manusura wa Bushushu na Nyamukubi walisikia ahadi mbele ya kamera. Lakini fondasio inayojenga bila kumuuliza mtu wa zone ya afya, bila kumuuliza mwalimu, inampa afisa sababu ya kulala. Atasema: kijiji kile kina watu wao Ulaya, wanajitegemea. Jamaa yenye watoto wasomi ingeweza kufanya kitu ambacho mjane hawezi. Ingeandika barua, ingepiga hodi katika ofisi ya gavana na ya waziri Kinshasa, ambako wawili kati yao wanaishi, ingeuliza kila mwezi kiwanja salama cha waliopona 2023 kiko wapi. Kazi hiyo haina picha nzuri. Haina mabati. Bei yake ni teksi na subira.

Na wengine, hasa wazee, watasema tusiwavunje moyo vijana, wasije wakaacha kabisa. Wazee wana haki ya kuogopa. Ni wengi walioenda na hawakutazama nyuma tena. Hawa wanatazama, na watu wa kijiji wanaijua thamani yake. Lakini moyo wa mtoa hauvunjwi na maswali. Unavunjwa baada ya miaka mitatu, akirudi likizo na kukuta mbuzi wamelala ndani ya chumba cha kuzalishia alichokilipia kwa usiku mia za kazi, na binamu hapokei simu. Hapo ndipo mtu anaapa hatatuma tena hata dola moja.

Kwa sasa saruji haijanunuliwa. Mkutano mwingine wa simu umepangwa ili kila mtu atie sahihi juu ya karatasi. Katika karatasi hiyo kuna orodha ya viongozi saba wa fondasio, na kila mmoja amepewa cheo chake. Jina la dada mkubwa wa Bukavu halimo. Kwake, tangu Februari 2025, wanalala watu tisa wa kijiji hicho hicho, na mmoja wao ni mjane wa Nyamukubi.